Kitabu gani cha Kilatini umnunulie mtoto unayemfundisha nyumbani

Karibu kila kitabu cha Kilatini cha watoto huanza na salamu. Mtu mmoja husalimiwa salve, wakiwa wengi ni salvete. Kitabu cha kwanza nilichonunua kilitumia karibu ukurasa mzima kueleza kwa nini salamu ibadilike kwa sababu ya idadi ya watu. Binti yangu, wakati huo ana miaka minane, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza, "Mama, si ni kama hujambo na hamjambo?" Ndiyo, ni hivyo tu. Somo la siku ile likaishia hapo.

Tangu hapo navipima vitabu hivi kwa kipimo kingine. Karibu vyote nilivyowahi kuvishika vimeandikwa kwa ajili ya mtoto anayezungumza Kiingereza, na kurasa nyingi ni za kumvusha mtoto huyo mito ambayo wa kwetu aliivuka zamani, akiwa bado amebebwa mgongoni. Amo ni napenda, amas unapenda, amat anapenda. Amamus tunapenda, amatis mnapenda, amant wanapenda. Neno moja limebeba mtenda na tendo, ila Mroma alimweka mtenda mkiani na sisi tunamweka kichwani. Puella bona cantat, msichana mwema anaimba. Puellae bonae cantant, wasichana wema wanaimba. Ukibadilisha idadi, kila neno katika sentensi linafuata, na mtoto aliyekulia kwenye ngeli haulizi kwa nini. Hata vile vineno vinavyotangulia nomino za Kiingereza, Kilatini hakina, kama sisi. Na meza yenyewe tunayosomea ni mensa ya Kilatini iliyotufikia kupitia vinywa vya Wareno. In mensa: mezani.

Kwa hiyo mzazi wa Moshi au Arusha akiniuliza anunue kipi, sianzi na kinachosifiwa Marekani. Naanza na hili: kitabu hiki kinakuachia nafasi ya kufundisha kwa Kiswahili, au kinamlazimisha mtoto ajifunze Kiingereza kwanza ndipo akifikie Kilatini?

Jambo la pili ninaloliangalia ni namna kitabu kinavyomwingiza mtoto kwenye miisho ya nomino, kwa sababu hapo ndipo penye ugumu wa kweli kwa mtoto wetu. Puella agricolam videt maana yake msichana anamwona mkulima. Puellam agricola videt, hapo mkulima ndiye anayemwona msichana. Maneno yamekaa mahali palepale, ni ile m ndogo tu iliyohama. Sisi tumezoea kuutambua mpangilio, nani ametajwa kwanza, na sikio la mtoto litamdanganya kwa wiki kadhaa. Kitabu kizuri huileta m hiyo taratibu, kikairudia katika sentensi nyingi fupi kabla ya kutoa jedwali. Kitabu kibaya humpa jedwali la miisho kumi siku ya tatu na kumwambia alikariri.

Kabla hujatoa hela, amua matamshi

Kuna matamshi ya Kanisa na matamshi ya kale ambayo wataalamu wameyarejesha. Kwa Kanisa, vici hutamkwa vichi na caeli hutamkwa cheli. Kwa matamshi ya kale, c ni k siku zote na v ni w, kwa hiyo veni, vidi, vici inakuwa weni, widi, wiki. Caesar wa kale ni Kaisar, na msomaji wa Biblia ya Kiswahili anamjua tayari kwa jina la Kaisari.

Watoto wetu wana bahati kubwa hapa. Irabu tano za Kilatini zinasikika karibu kabisa na za Kiswahili, hivyo mtoto anayesoma Kiswahili vizuri anaweza kukusomea ukurasa wa Kilatini kwa sauti wiki ya kwanza. Matamshi ya kale yanamfaa zaidi, maana herufi moja inabaki na sauti moja. Sisi hata hivyo tulichagua ya Kanisa, kwa sababu ya babu.

Baba mkwe wangu yuko Kibosho. Utotoni, kabla Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965) haujafungua njia ya misa kwa lugha za watu, alikuwa mtumishi wa altare. Padri alikuwa akisema Introibo ad altare Dei, naye anajibu Ad Deum qui laetificat juventutem meam. Alikariri yote bila kufundishwa maana. Jumapili moja akamsomea mjukuu wake jibu lile. Binti akafikiri, akasema, "Babu, meam ni yangu. Ni kitu chako hicho." Tukatafuta juventutem pamoja: ujana. Kwa Mungu anayeufurahisha ujana wangu. Mzee alinyamaza muda mrefu. Alikuwa amelisema neno lile mamia ya asubuhi.

Basi kama una mzee wa namna hiyo, au kwaya ya parokia yenu bado inaimba Tantum ergo, chukua matamshi ya Kanisa na utafute kitabu au sauti zinazoyafuata. Kama huna, chukua ya kale. Usichanganye tu, mtoto wa miaka saba akisikia kaili leo na cheli kesho anaacha kuyaamini yote mawili.

Ninachokiweka cha kwanza

Getting Started with Latin cha William E. Linney, kilichotoka mwaka 2007. Ni kitabu kimoja chenye masomo 134, mengi yakiwa mafupi kiasi cha kumalizika kabla chai haijapoa. Somo linaleta neno moja jipya au kanuni moja, kisha sentensi chache za kutafsiri. Majibu yako nyuma ya kitabu, na mwandishi ametoa rekodi za sauti bila malipo, kwa matamshi yote mawili.

Kwa nini kinashinda? Kwa sababu Kiingereza chake kinamhusu mzazi peke yake. Unasoma maelezo mwenyewe usiku, asubuhi unayasema kwa Kiswahili chako, na mtoto anatafsiri sentensi kutoka Kilatini kwenda Kiswahili moja kwa moja. Maelezo ya mtenda kubebwa na kitenzi unayapita kwa dakika moja. Muda uliookoa unautumia kwenye ile m. Na kwa kuwa kila somo lina kanuni moja tu, ukiona mtoto amekwama unajua amekwama wapi.

Tena mtoto anaandika kwenye daftari, si ndani ya kitabu. Nakala moja inatosha watoto wote wa nyumba.

Kasoro yake ni kwamba hakina kitu cha kumvutia mtoto mdogo. Chini ya miaka minane usijaribu. Mwanangu wa pili nilimwanzisha akiwa na sita na nusu, akaanza kukikimbia kama dawa ya minyoo. Niliacha mpaka akatimiza minane, na aliporudi alikwenda vizuri.

Cha pili, na kwa watoto wengine ndicho cha kwanza

Minimus cha Barbara Bell, Cambridge University Press, 1999, chenye michoro ya Helen Forte. Minimus ni panya, na hadithi inakwenda kwa katuni ambazo wahusika wanazungumza Kilatini. Kinawalenga watoto wa miaka saba hadi kumi hivi.

Uzuri wake mkubwa ni kwamba familia iliyomo ilikuwepo kweli. Flavius Cerialis alikuwa mkuu wa kikosi katika ngome ya Vindolanda, kaskazini mwa Uingereza, karibu na mwaka 100, na mkewe aliitwa Sulpicia Lepidina. Tunawajua kwa sababu vibao vyembamba vya mbao vilivyoandikwa kwa wino vilihifadhiwa na udongo wenye maji wa mahali pale, na vikaanza kufukuliwa mwaka 1973. Kimojawapo ni barua ya Claudia Severa akimkaribisha Lepidina kwenye sikukuu yake ya kuzaliwa, na maneno ya mwisho ameyaandika kwa mkono wake mwenyewe. Ni kati ya maandishi ya Kilatini ya zamani zaidi yanayojulikana kuwa ya mkono wa mwanamke. Nilipomweleza binti yangu hilo alitaka kuandika kadi ya mwaliko siku hiyo hiyo, kwa Kilatini, kwa shangazi yake wa Njiro ambaye hajui hata neno moja. Ilibidi niongeze tafsiri kwa penseli.

Minimus kina upungufu wa kweli kwetu. Sarufi inaelezwa kwa haraka, na mazoezi mengi yanamtaka mtoto atafute maneno ya Kiingereza yaliyotoka kwenye Kilatini. Hayo yana faida kwa anayejiandaa na masomo ya Kiingereza, ila yanakula muda. Na kama hukusoma Kilatini, huwezi kukifundisha bila kitabu cha mwalimu, ambacho ni gharama nyingine. Hesabu vyote viwili unapolinganisha bei. Kitabu cha mwalimu kina karatasi za mazoezi unazoruhusiwa kutoa kopi, na hilo linafidia kidogo.

Kwa wadogo zaidi

Song School Latin cha Amy Rehn, kutoka Classical Academic Press ya Marekani, ni cha nyimbo na michezo. Mtoto wa miaka mitano hadi saba atakipenda. Lakini nyimbo zinachanganya Kilatini na Kiingereza, na mtoto anayesikia Kiswahili tu nyumbani ataimba vyote viwili bila kujua kipi ni kipi. Kama nyumba yenu ina Kiingereza cha kutosha, kipandishe juu nafasi moja. Kama hamna, chukua maneno yake uyatungie nyimbo kwa Kiswahili. Watoto wetu wameshazoea kujifunza kwa kuimba na kupiga makofi, na wewe unazijua nyimbo hizo kuliko mwandishi yeyote wa ng'ambo.

Prima Latina cha Leigh Lowe, kutoka Memoria Press, kina masomo 25, matamshi ya Kanisa na sala fupi za Kilatini. Kwa familia ya Kikatoliki kinakaa vizuri sana, na kimepangwa ili mzazi asiye na Kilatini aweze kukishika. Nakiweka cha nne kwa sababu kinategemea sana kukariri, na sarufi ya mwanzo inafundishwa kwa kulinganishwa na ya Kiingereza. Vilevile mtoto anaandika ndani ya kitabu; watoto watatu, vitabu vitatu.

Ambacho ningekununulia wewe mzazi

Lingua Latina per se Illustrata cha Hans Ørberg, Mdenmark, sehemu ya kwanza yenye sura 35 inayoitwa Familia Romana. Kitabu kizima ni Kilatini kitupu: maana unaipata kwa picha, kwa maelezo ya pembeni, na kwa sentensi zinazokua kidogo kidogo. Hakuna Kiingereza cha kuvuka. Kwa mtoto wa miaka kumi na moja kuendelea ndicho ninachokiamini kuliko vyote, na kwa mdogo ni kizito mno. Lakini ukikisoma wewe, sura moja kwa wiki, utabaki mbele ya mtoto daima.

Vya bure vipo. Duolingo, programu ya simu ya kujifunzia lugha, ina kozi ya Kilatini tangu 2019, ila ni fupi na inapitia Kiingereza. Kitabu cha Benjamin D'Ooge cha mwaka 1911, Latin for Beginners, hakina tena hakimiliki Marekani na kinapakuliwa bila malipo kutoka Project Gutenberg, maktaba ya mtandaoni. Kilitungwa kwa wanafunzi wakubwa, hivyo mimi nakitumia kama ghala la sentensi za ziada.

Ghala jingine liko nje ya mlango: majina ya kisayansi ya mimea na wanyama. Kahawa ni Coffea arabica. Tembo ni Loxodonta africana. Simba ni Panthera leo, na watoto hucheka kila mara kusikia simba akiitwa leo. Kwenye misitu ya Kilimanjaro kuna mti uitwao Prunus africana, na huo ulitupa somo zuri kuliko lolote la kitabuni: Kilatini hugawa nomino kuwa za kiume, za kike na zisizo na jinsia; Prunus unaishia na us kama nomino za kiume, mbona kivumishi africana kina a ya kike? Kwa sababu Waroma waliihesabu miti kuwa ya kike, hata ile yenye mwisho wa kiume. Sisi miti tumeiweka katika ngeli yake ya M-MI. Mtoto akasema, "Kumbe nao walikuwa na ngeli!"

Namna ya kuvipata

Maduka ya vitabu ya Moshi na Arusha niliyoyatembelea hayakuwa navyo. Njia rahisi ni ndugu anayerudi kupitia uwanja wa ndege wa KIA kukuwekea kwenye begi, kwa sababu usafirishaji wa kitabu kimoja unaweza kuzidi bei ya kitabu chenyewe. Kabla ya kuagiza, angalia kama mchapishaji anauza nakala ya kupakua ambayo unaruhusiwa kuichapa kwa matumizi ya nyumbani. Steshenari wataichapa na kuibana kwa spairo siku moja. Ulizia bei ya kurasa nyingi, usikubali ile ya ukurasa mmoja mmoja.

Usinunue seti kubwa kwa mara ya kwanza. Mimi nililipia seti ambayo masomo yake yalikuwa kwenye DVD, na kompyuta yetu haina mahali pa kuiingiza. Fedha ile haikurudi. Sasa nanunua ngazi moja tu, na rekodi za sauti nazishusha zote kwa pamoja siku nikiwa penye Wi-Fi, naziweka kwenye flashi, tunazisikiliza kwenye sabufa bila kugusa bando. Umeme ukikatika, tunasoma sentensi kwa zamu, na babu akiwepo ndiye anayetusahihisha matamshi.