Eti mtoto asiyejua kusoma hapimwi macho!

Hasira hizi ninazo tangu masika, leo nazitoa. Jina la duka silitaji, ila ni duka la miwani hapa Arusha mjini, na mlangoni wameandika kwamba wanapima macho watu wa rika zote.

Binti yangu alikuwa na miaka 5. Bibi yake ndiye aliyegundua kwamba jicho la kushoto, mtoto akichoka, linavutwa kuelekea puani. Nikamkimbiza pale. Kijana wa koti jeupe akamkalisha kwenye kiti kirefu, miguu inaning'inia, akaelekeza fimbo kwenye ubao wa herufi: "Soma." Mtoto wa chekechea, shuleni kwao wako kwenye irabu! Akaitaja E, akaitaja O, zilizobaki akanyamaza, akanitazama mimi. Kijana akagonga ubao kwa fimbo. "Soma, usinipotezee muda." Mwanangu akaanza kulia. Ndipo nikaambiwa: "Mama, huyu ni mkaidi. Mfundishe kusoma kwanza, akiingia darasa la kwanza umrudishe." Na kengeza je? "La utotoni hilo, litaisha lenyewe." Hela ya kipimo hakurudisha.

Mkaidi. Mtoto haoni, anaitwa mkaidi mbele ya foleni nzima.

Shemeji yangu wa Moshi akasema nisingoje, nimpeleke kwa madaktari wa macho kule hospitali ya rufaa. Daktari, mama mmoja wa makamo, alishika kadi yenye herufi moja tu, E, imegeuzwa huku na huku. Kazi ya mtoto ni kuonyesha kwa vidole miguu ya E inaelekea wapi. Hakuna kusoma hapo. Alipozibwa jicho la kushoto, binti alishuka mistari mbio. Alipozibwa la kulia, akausukuma mkono wa daktari, akakataa. Daktari hakumgombeza, akaniambia kukataa huko nako ni jibu. Wadogo zaidi hupimwa kwa picha. Hata mchanga asiyesema hupimwa: anatiwa matone ya kutanua mboni, jicho linamulikwa, na daktari anabadilisha lenzi huku akiangalia mwanga unavyorudi mpaka anaipata namba ya lenzi inayomfaa. Mtoto hajibu neno hata moja. Wangu naye alitiwa matone hayo, tukarudi Arusha nimemfunika kanga kichwani, maana mwanga ulikuwa unamuumiza.

Tatizo likaonekana. Jicho la kushoto lina namba kubwa kuliko la kulia, picha yake inafika na ukungu, basi ubongo ukaizoea ya kulia na kuiacha ya kushoto. Ndiyo sababu hakuwahi kulalamika. Jicho moja lilikuwa linamtosha kucheza. Tiba ni miwani muda wote, na plasta kwenye lile jicho lisilo na shida, la kulia, kwa muda wa saa mbili kila siku, ili lile dhaifu lilazimike kufanya kazi. Tunaibandika wakati wa katuni, saa nyingine haikubali.

Hapa ndipo damu inanichemka. Tiba hii hushika vizuri zaidi kabla ya miaka 7 hivi. Baada ya hapo bado inawezekana, lakini kwa tabu zaidi. Na yule aliniambia ningoje darasa la kwanza! Kengeza la mtoto mchanga huweza kutulia, ndiyo, lakini likiendelea baada ya miezi 6 ni la kupelekwa kwa daktari. Je, akiletewa mtoto mwenye weupe kwenye mboni? Weupe ule unaweza kuwa mtoto wa jicho, unaweza kuwa saratani, haungoji mtu ajue kusoma!

Nisiwaonee. Fremu ndogo za plastiki laini, zenye mkanda wa kisogoni, nilizikuta kwao tu kwa bei ninayoimudu, nikarudi na cheti cha daktari. Fundi wao wa lenzi, mzee mpole, alimwita binti yangu "mjukuu wangu", akarekebisha mikono ya miwani taratibu mpaka ikakaa. Lenzi zilikuja sahihi, daktari alizihakiki. Nilikuwa tayari kuandika: fremu nendeni, kipimo cha mtoto msithubutu. Halafu yule kijana akatoka chumba cha nyuma. "Ee, si yule mkaidi? Ameshajua kusoma?" Mtoto akajificha nyuma ya gauni langu.

Hapana. Hata fremu msinunue. Mzee wa watu anisamehe, lakini sitampeleka mwanangu tena mahali anapoitwa hivyo, na bei yao sasa naiona ghali.

Jicho la kushoto limeshashuka mistari miwili kwenye kadi, na plasta bado tunaendelea nayo. Wenye duka, mkiyaona haya: kadi ya E ni karatasi moja tu, ibandikeni ukutani. Mkishindwa, andikeni mlangoni kwamba watoto hampimi, mzazi apande gari la Moshi siku hiyo hiyo.