Tathmini ya seti ya kufugia nzi askari mweusi, Kadutu, Bukavu

Kwa mfugaji wa kuku wa Bukavu aliyelemewa na bei ya soya na sambaza wakavu (samaki wadogo wa Ziwa Kivu), funza wa nzi askari mweusi ni chakula chenye protini nyingi kinachotokana na mabaki ya jikoni. Ndiyo sababu nilinunua seti ya kuanzia inayouzwa karibu na soko la Kadutu: kizimba cha wavu, pupa (funza waliokomaa wanaosubiri kugeuka nzi), beseni la chambo na vibao vya kutagia.

Vibao ndivyo vilivyonipendeza zaidi. Vimefungwa pamoja kwa mpira, na kati yake pameachwa upenyo mwembamba sana. Nzi jike wa aina hii hatagi ndani ya uchafu wenyewe, bali hufuata harufu ya kinachooza kisha hutafuta ufa mkavu ulio karibu nacho, ili funza wakianguliwa wawe jirani na chakula. Nimemtazama akitembea juu ya ubao huku akipapasa nyufa kwa ncha ya tumbo, mpaka alipotulia na kuacha humo fungu la mayai meupe yenye umanjano kidogo, ambayo huweza kufika mamia kadhaa.

Muuzaji alishauri kibao cha kwanza chenye mayai kisiondolewe mapema, na hilo ni sahihi kabisa, kwa kuwa bakteria wanaoishi juu ya mayai huchangia harufu inayowavuta majike wengine. Kwangu walisongamana kwenye kibao hicho na kukiacha kitupu kilichokuwa kando yake.

Maelekezo yaliyoandikwa, hata hivyo, yana kasoro kubwa: yanasema kizimba kiwekwe ndani, chini ya taa ya kawaida. Nzi hawa hupandana vizuri penye mwanga mkali wa jua, ambapo madume hukusanyika, hugombania nafasi na kumngojea jike apite. Pupa wachache waliomo hutoka kwa nyakati tofauti, hivyo kusanyiko hilo halipatikani, na jike asiyepandwa hutaga mayai yasiyoanguliwa. Isitoshe, mayai yanayoanguliwa kwa siku 4 hivi katika joto la nyuzi 27 huchelewa katika baridi ya milima yetu.

Bei ya dola 40 naiona ya haki kwa sababu ya vibao na chambo. Anayenunua aombe pupa maradufu, na kizimba akiweke penye jua la asubuhi, hasa msimu wa mvua.