Tahadhari bana Lubumbashi: ule grafisti wa "nipe namba ya kiliya (mteja)" ni mwizi

Bana Lubum, mtanisamehe nitaandika mrefu, niko na hasira tangu jana, na haya pia, hata njia ya kwa mama wa unga nashindwa kupita. Ile kazi yake ya logo, aliyonipa mimi nichore, imeharibika, na aliyeiharibu ni muntu nilimleta mimi, kwa mikono yangu.

Sikumwokota njiani. Alikuwa mu grupu yetu ya wasapu zaidi ya mwaka, anasaidia watu, anajibu maswali ya fonti saa tano ya usiku. Mimi mkono unachora lakini kwenye mashini niko mzito, na amprimeri, wale wanaoprinti, walitaka vekta, mchoro wa mashini unaokuzwa bila kuharibika, kwa ajili ya kaliko (kitambaa cha tangazo) ya mita tatu, njo nikaona tufanye wawili: bei dola 200, mama ametoa akonte, malipo ya kutanguliza, 100, tunagawana nusu nusu.

Tukakutana mu mji, karibu na Poste. Akafungua mashini, akaweka mchoro wangu, msalaba wa shaba na hindi limesimama katikati. Akautazama kimya, halafu: "Ndugu, mkono wa kushoto ni mfupi." Ule msalaba nilikuwa nautazama wiki nzima na sikuona! Akaushika na mausi, akavuta kadogo tu, ukakaa sawa mbele ya macho yangu. Pale njo alinimaliza. Muntu anayeona milimita mbili, utamwazia wizi? Na ule msalaba kwetu si pambo, wazee walikuwa wanauzia na kununulia nao, bendera ya Katanga ya 1960 iko nayo mitatu, nikafurahi kuona anauheshimu. Nikamhesabia dola 50 pale juu ya meza, akazikunja mu mfuko wa shati. Tulishasimama njo akasema, "Nipe namba ya mama nimuulize rangi, za ekra ya mashini na za karatasi hazilinganaka." Na ni kweli hazilingani, kila anayeprinti anajua. Nikampa.

Siku ya tatu simu yake haipiti. Siku ya ine mama ananipigia, sauti inatetemeka: ule bwana amefika depo, amemwambia mimi ni mtoto wake wa kazi, amechukua zile 100 zilizobakia, amemwachia flashi. Nikakimbia amprimeri. Walikuwa wameshatoa kipande cha kujaribu. Msalaba wangu kingo zimekuwa ngazi ngazi, na hindi si langu kabisa! Mu jani la chini, ukikaribisha macho, unaona yale maandishi ya kivuli ambayo watu wanaouza picha kwa intaneti wanaweka ili usiibe, ameyafuta nusu, mikia ya herufi imebakia. Ameiba picha ya muntu mwingine, amebandika msalaba wangu juu, amefunga vyote mu PDF, anaita vekta. Mama alikishika kile kipande muda mrefu, akaniuliza, "Mwanangu, si ni wewe ulimleta?"

Akamatwe. Naongea kweli, akamatwe, apelekwe parke, kwa mwendesha mashtaka, arudishe feza ya mama mbele ya watu, na amprimeri zote za mu mji na za komini yetu ya Kenya zimfungie mlango, kwa sababu leo ni mama wa unga kesho ni mzazi wako. Anabadilisha namba na jina, kwa hiyo angalieni tabia: anataka namba ya kiliya mapema, faili lenyewe haonyeshi, anatuma picha tu. Mkipewa PDF ivuteni hadi mstari ujae ekra nzima, vekta inabakia laini, mkiona viboksi msilipe. Na feza ya mwisho alipwe mbele yenu wote wawili, wewe na kiliya, mimi sikufanya hivyo.

Aliyemuona anipigie hata usiku wa manane. Zile 100 za mama nitarudisha mimi, kidogo kidogo, nimeshamwambia. Msalaba nauchora upya leo, kuranti ikirudi.