Matema au Kasanga: Kambi ya Ziwani na Maporomoko

Ukiwa na watoto, nenda Matema. Ufukwe wake kwenye Ziwa Nyasa una mchanga, milima ya Livingstone imeinuka nyuma yake, na vibanda vya kulala viko hatua chache kutoka majini. Kabla ya kuogelea, waulize wenyeji kuhusu mamba, hasa karibu na midomo ya mito. Maporomoko ya Kaporogwe yako mbali kidogo, upande wa Tukuyu, kwa hiyo yaone njiani. Pita pia kijiji cha Ikombe ukawaone Wakisi wakifinyanga vyungu. Kwangu mimi hilo peke yake linatosha kufunga safari. Epuka Machi hadi Mei: Kyela, wilaya iliko Matema, mvua hainyeshi kidogo.

Kasanga, kwenye Ziwa Tanganyika, malazi ni machache, basi beba hema na chakula. Lakini maporomoko ya Kalambo! Maji yanaanguka zaidi ya mita 200 kwa mkupuo mmoja, mpakani mwa Tanzania na Zambia. Nenda Mei au Juni, mto ungali umejaa na njia zimeanza kukauka.

Kwa chandarua, usibishane: beba kote kuwili.