Uzoefu wangu na Blue Rev ya Alvvays: wimbo unaisha ndo kwanza umesimama kucheza

Wadau mi sio mchambuzi wa muziki, ni mtu tu anayependa gitaa na aliyetoa hela yake mwenyewe, kwa hiyo nisomeni hivyo. Albamu inaitwa Blue Rev, bendi ni Alvvays, wa Kanada, maskani yao Toronto. Na hizo v mbili zisikuchanganye, jina linatamkwa Always kama kawaida, ila ukilitafuta kwa w utaletewa kila kitu duniani kasoro wao. Mi siku ya kwanza nilihangaika mpaka nikadhani rafiki yangu kanitania.

Nianze na ukweli, mara ya kwanza niliichukia. Kabisa. Niliifungulia kwenye spika ya simu huku nafua, nyimbo tatu tu nikazima, nikamtumia rafiki yangu meseji kwamba huyu dada anaimba akiwa ndani ya pipa na nje ya pipa kuna watu wanagombana kwa magitaa. Maana albamu zao mbili za kwanza, ya 2014 yenye jina la bendi na ile Antisocialites ya 2017, zilikuwa safi jamani, gitaa linalia ting ting ting kila uzi unausikia, sauti ya mwimbaji wao Molly Rankin iko mbele inakuimbia wewe, ukisikiliza mara mbili unaimba naye. Halafu watu wanakaa miaka mitano kimya, wanarudi Oktoba 2022, na wanakuletea kelele? Niliona nimeibiwa.

Wimbo ulioniudhi zaidi ni wa kwanza kabisa, Pharmacist. Sa mnielewe, sisi tuliokulia kwenye dansi tumezoea mwimbaji anaanza taratibu, anasimulia habari yake yote mpaka mwisho, halafu ndo gitaa la solo linapanda na chemko linaanza, hapo hata aliyekuja na huzuni zake anainuka kwenye kiti. Chemko lenyewe linaweza likawa refu kuliko wimbo. Pharmacist inakufanyia yote hayo kwa dakika mbili na sekunde kidogo. Stori ipo, ni mtu anajua kwamba yule wake wa zamani karudi mjini kwa sababu kamuona dada yake duka la dawa, basi, ni habari ndogo tu lakini kila mtu aliyewahi kuachana na mtu anaijua ile baridi ya tumboni. Kiitikio kipo. Halafu solo linaingia, linajikunja, linapiga mayowe kama nyuzi zinataka kukatika, na wewe ndo kwanza unasogeza meza, kimya, imeisha, wimbo wa pili umeanza. Nilisema hawa watu wana haraka ya kwenda wapi?

Nikaiacha kama mwezi hivi. Siku moja nimepanda basi la usiku, intaneti hamna, kwenye simu albamu nzima iliyokuwa imeshashushwa ni hiyo moja tu, na safari hii nina hedifoni nzuri masikioni. Ndo nikaelewa. Ile niliyoiita kelele ina vyumba. Kuna gitaa liko kushoto linapiga rizimu, kuna jingine kulia limejaa mwangwi, kuna kinanda cha Kerri MacLellan kinapita katikati kama moshi, na chini ya hayo yote sauti imekaa. Haijapotea, imekaa. Kwenye spika ya simu vyote vinabanwa kwenye kitundu kimoja, lazima vigombane. Kwa hiyo ushauri wangu wa kwanza kwa yeyote ni huo, ukiisikiliza kwa spika ya simu usinilaumu, hujaisikiliza.

Baada ya hapo nikaanza kufuatilia ilivyotengenezwa na hapo ndo nilicheka kidogo, manake hawa watu hawakukaa miaka mitano kwa uvivu. Mwizi aliingia nyumbani kwa Molly akaondoka na kirekodi chenye demo zake. Siku ya pili yake mafuriko yakaingia chumba cha chini yakataka kumaliza vyombo vyote vya bendi. Wakabadilisha mpiga drama na mpiga besi, halafu mipaka ikafungwa ile ya korona, miezi inapita na watu wapya, Sheridan Riley kwenye drama na Abbey Blackwell kwenye besi, hawawezi hata kufanya mazoezi na wenzao. Bendi nyingine ingevunjika hapohapo, tungebaki tunasimuliana.

Oktoba 2021 ndo wakakutana studio Los Angeles na produsa Shawn Everett, naye Mkanada mwenzao, huyu ndo aliyefanya kazi na bendi kama The War on Drugs na Alabama Shakes. Wao walikuja na mipango yao yote, gitaa hili liwe hivi, lile liwe vile, yeye akawaambia achaneni na hayo pigeni tu. Siku ya pili wakaipiga albamu yote kuanzia wimbo wa kwanza mpaka wa mwisho, mara mbili, kati ya wimbo na wimbo wanapumzika sekunde 15, na kati ya mzunguko wa kwanza na wa pili nusu saa. Nyimbo 14! Nilivyosoma hilo nikarudi kusikiliza upya na kweli unasikia, ile drama ina jasho. Ule wa pili, Easy on Your Own?, ambao Molly anaifananisha elimu ya chuo na kisu butu (aliyeacha masomo katikati kama mimi ataguswa, tuyaache hayo), mule bendi inapiga kama watu wanaokimbizana na mtu anayezima taa. Baadaye wakaja kuchezea sauti, kuongeza na kuchafua makusudi, lakini mifupa yake ni watu watano chumba kimoja.

Sa tuje kwa Belinda Says, maana huu ndo wimbo na kama una dakika nne tu za maisha yako anza na huu. Ni msichana ana mimba, anaamua kwenda kuishi shamba, azae, atafute kazi ya kuhudumia mezani, aanze upya. Jina la albamu nalo limetoka humuhumu, Blue Rev ni kinywaji kitamu chenye kilevi ambacho vijana wa Kanada wanakunywa kwa kujificha, na kwenye wimbo wanakunywa nyuma ya uwanja wa kuteleza kwenye barafu. Molly na Kerri wamekua majirani huko Cape Breton, Nova Scotia, sehemu ya wavuvi na wapiga fidla, nadhani ndo maana wimbo hauna kejeli, Molly hamcheki yule msichana wala hamhurumii kwa mbali. Halafu anamtaja Belinda Carlisle, mwimbaji wa Marekani, ule wimbo wake wa 1987 uliosema pepo iko hapahapa duniani, naye anamjibu kwamba kama ni hivyo basi na moto uko hapahapa. Wewe unaweza kuona ni mchezo wa maneno tu. Mi ilinipata.

Na baada ya solo wanapandisha kii, yaani wimbo wote unahamia sauti ya juu zaidi. Mnajua wenyewe kupandisha kii ni ujanja wa zamani mno, kila mwimbaji aliyeishiwa anaufanya mwisho wa wimbo ili watu wapige makofi. Hapa haiko hivyo, hapa ni kama msichana kafika kule alikokuwa anakwenda. Nilichukua galatoni langu, gitaa lisilo la umeme, nikasema leo naupiga, kodi (chords) za mwanzo nikazipata bila shida, jioni nzima najisikia mtu, nikafika pale kii inapopanda vidole vikabaki vinashangaa. Mpaka leo nikiupigia watu naishia kabla ya hapo na kujifanya nimechoka.

Tom Verlaine nao ni mzuri, umepewa jina la yule mpiga gitaa wa bendi ya Television, na kwa bahati mbaya mzee mwenyewe alifariki Januari 2023, miezi michache tu baada ya albamu kutoka, kwa hiyo saivi unausikia tofauti hata kama hukutaka. Pressed ni wa wale waliokuwa wanataka magitaa ya ting ting ya zamani, umo, usilalamike. Pomeranian Spinster unakwenda mbio mpaka unachekesha.

Yasiyonifurahisha yapo. Very Online Guy sijaupenda na nimejaribu, wamezidisha vidude kwenye sauti mpaka masihara yenyewe hayasikiki, wimbo wa kumsema mtu anayeshinda mtandaoni halafu maneno huyashiki, faida yake nini? Mi huwa naruka. Pia albamu yote imepandishwa sauti juu mno, ukiisikiliza mfululizo na hedifoni ukifika wimbo wa kumi masikio yanaomba poo. Na kama Kiingereza kinakupiga chenga utahitaji kutafuta maneno yameandikwa, manake kwa kusikia tu hata Waingereza wenyewe nadhani wanabahatisha.

Halafu kuna suala la santuri, hili ni kosa la muuzaji sio la bendi ila kwa kuwa ni uzoefu wangu naliweka. Niliagiza mtandaoni kwa muuzaji fulani simtaji, imefika imepinda, ukiiweka sindano inapanda na kushuka kama mtumbwi. Nikamwandikia, akanijibu niibane na vitabu vizito. Nimeibana na kamusi mbili kwa wiki mbili, ikanyooka nusu, upande wa kwanza unapiga vizuri ila wa pili wimbo wa kwanza bado unaruka mahali palepale, na saivi nimeuzoea hivyo mpaka nikiusikia kwenye simu bila kuruka naona kuna kitu kimekosekana. Ukiagiza omba picha ya santuri ikiwa imelazwa, sio picha ya kava.

Nyota naipa nne na nusu, hiyo nusu iliyobaki wagawane Very Online Guy na kamusi zangu. Kama unataka muziki wa kupitisha muda ukifanya kazi nyingine, chukua ile ya 2014 utafurahi. Hii inataka ukae nayo, na uivumilie zaidi ya mara tatu. Dakika hazifiki hata 40 zote kwa pamoja, sio adhabu. Na ukifika mwisho kabisa kuna Fourth Figure, ndo mfupi kuliko zote, magitaa yote yametoka nje, amebaki Molly na kinanda, na ile sauti niliyosema imo ndani ya pipa iko hapa mbele yako, wazi, dakika moja na kitu tu, na wanaikata kabla hujatosheka kama walivyokufanyia kwenye wimbo wa kwanza.

Yule rafiki yangu aliyenipa jina la bendi, kumbe mwenyewe alikuwa hajawahi kufika huko mwisho, anasema inamuumiza kichwa. Nikamuuliza anasikilizia nini, akasema spika ya simu. Nimemuazima hedifoni zangu wiki ya tatu sasa, hazijarudi.