Uzoefu wangu: nyumba ya Herschel, Bath, Uingereza (usiondoke kabla ya kuona sakafu)

Wengi huja nyumba namba 19, New King Street, kwa ajili ya sayari. Tarehe 13 Machi 1781, William Herschel aliiona Uranus akiwa kwenye bustani ya nyuma, na leo nyumba yenyewe ni makumbusho. Mimi nimerudi nyumbani nawaza sakafu.

Tulitoka Bristol kwa treni, mimi na binti yangu wa miaka tisa, kisha tukatembea robo saa hivi kutoka stesheni. Nyumba ni nyembamba, imepanda juu kwa ghorofa. Ukizoea makumbusho ya London utadhani umekosea mlango. Mtoto alitarajia kutazama nyota, saa sita mchana! Kosa langu, sikumweleza mapema. Alipoona nakala ya darubini ya futi 7, bomba la mbao lenye pande nane, alizunguka nyuma kutafuta tundu la kuchungulia. Halipo. Kioo kimekaa huko nyuma, kinarudisha mwanga mbele, nawe unachungulia ubavuni karibu na mdomo wa bomba.

Na hicho kinachoitwa kioo ni shaba na bati, zimeyeyushwa pamoja, zikasubiwa, halafu zikasuguliwa kwa mkono hadi uso ubonyee kidogo sana na kung'aa. Herschel alikuwa mwanamuziki kutoka Hannover, mpiga kinanda wa Octagon Chapel hapo Bath. Ufundi huu aliuanza mwaka 1773, ana miaka 34, maana vioo vikubwa vya kununua vilimshinda bei. Akianza kung'arisha hakuthubutu kuinua mikono. Safari moja alikaa saa 16, dada yake Caroline akimlisha tonge kwa tonge.

Sasa shuka chini, pita jikoni, uingie karakana. Mawe ya sakafu yamepasuka. Agosti 1781 Herschel alijaribu kusubu kioo cha inchi 36, zaidi ya kilo 200 za metali. Kalibu ilikuwa ya mavi ya farasi. Caroline aliyatwanga kwenye kinu na kuyachekecha, lundo kwa lundo, hata rafiki yao Dakta William Watson akapokea mchi. Kioo cha kwanza kilipasuka kikipoa. Mara ya pili tanuri likavuja, metali ikatiririka sakafuni, mawe yakaruka hadi darini. Watu wakatimkia milango miwili, na Herschel akaanguka hoi juu ya rundo la vipande vya matofali.

Baba yangu alikuwa akisubu sufuria za alumini Mombasa. Hakutufokea kwa lolote ila maji: unyevu kidogo tu chini ya metali ya moto unageuka mvuke, na mvuke lazima utoke. Pale juu ya yale mawe nilimsikia kabisa.

Angalia siku za kufungua kabla hujakata tiketi ya treni, na mwenye magoti mabovu ajue kuna ngazi. Mtoto mpe maelezo ya darubini kabla hamjafika.

Njiani binti yangu aliuliza kama Caroline alilipwa. Nikamwambia ndiyo, tangu 1787 mfalme alimpa pauni 50 kwa mwaka, kwa kumsaidia kaka yake kazi ya nyota.

"Na yale mavi, Baba?"

Yale hayakuhesabiwa.