TAHADHARI kwa mnaotafuta safari ya Ol Doinyo Lengai na magofu ya Engaruka

Wapanda milima wenzangu, habari za saa hizi. Naandika nikiwa bado na malengelenge miguuni na hasira kifuani, mnivumilie.

Kuna ukurasa wa Instagram unauza safari ya siku tatu: magofu ya Engaruka, Ziwa Natron, na kupanda mlima Ol Doinyo Lengai, kule kaskazini mwa Tanzania. Shilingi 420,000 kwa kichwa, "kila kitu ndani". Jina silitaji, kwanza kwa sababu tangu tulipolipa limeshabadilishwa mara mbili, mkilikariri litawapumbaza tu. Pili, tumeshafungua jalada polisi, tumepewa RB (namba ya taarifa ya polisi), sitaki kuharibu. Nitawasimulia wanavyofanya kazi, mtawatambua kwa hilo.

Wizi wao si ule tuliouzoea wa kupokea hela na kuzima simu. Gari lilikuja. Dereva alikuja. Simu ilikuwa inapokelewa mpaka siku ya mwisho, tena kwa sauti tamu. Wanachofanya ni kuwafikisha mahali ambapo hamuwezi kurudi, halafu hukohuko mnauziwa upya, kimoja kimoja, vitu mlivyokwisha kulipia mkiwa Dar.

Tulikuwa watu 9. Nusu ya hela tulituma mwezi mmoja kabla, nusu siku mbili kabla ya safari, jumla 3,780,000. Lipa namba, ile ya kulipia kwa simu, ilileta jina la duka la vipodozi. Nikamuuliza muuzaji, akajibu, "Dada angu, akaunti ya kampuni iko kwenye matengenezo, hilo ni duka la mke wangu." Nikakubali. Mtu mzima na akili zangu! Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, tuliahidiwa tutaikuta Arusha. Na kila nikisitasita alikuwa anatuma ujumbe kwamba zimebaki siti tatu, nyingine zinachukuliwa leo jioni.

Sasa angalieni tangazo lenyewe. Picha ya "magofu ya Engaruka" ilikuwa na matao ya mawe ya matumbawe, kuba juu, na nyuma yake mikoko. Mikoko! Engaruka iko chini ya ukuta wa Bonde la Ufa, wilayani Monduli, bahari iko mamia ya kilomita. Ile ni Kilwa Kisiwani, Msikiti Mkuu, kila mtoto aliyesoma historia shule ya msingi amewahi kuuona kitabuni. Sisi watu 9 tuliitazama picha ile mwezi mzima, tukaituma kwenye magrupu, tukaandika "wow", na hakuna aliyeshtuka.

Ratiba nayo ilisema, "Siku ya pili: chai saa 1 asubuhi, saa 2 kuanza kupanda mlima." Hapo ndipo mtu yeyote aliyewahi kufika Lengai angecheka. Mlima ule hauna mti wa kukupa kivuli, na jua la Natron halina huruma, kwa hiyo watu huondoka kambini usiku wa manane ili wafike kileleni alfajiri na kushuka kabla ya joto kali. Anayekuambia utaanza kupanda saa 2 asubuhi hajawahi kupanda. Ningeuliza swali hilo moja tu, "tunaanza kupanda saa ngapi?", ningeokoa hela yangu.

Arusha tuliahidiwa Land Cruiser mbili. Ikaja haisi (basi dogo) moja iliyochoka, tairi la akiba limefungwa juu kwa kamba ya katani. Mpaka mji wa Mto wa Mbu ni lami, hatukulalamika sana. Pale unaiacha lami, unashika barabara ya vumbi kupitia Selela, makorongo na mawe kama kilomita 60 hadi Engaruka. Tulishuka kusukuma mara mbili.

Kwenye geti la kwanza la ushuru dereva alishuka, akarudi akikuna kichwa. "Dada, hapa wanadai hela."

"Si imeshalipwa?"

"Mimi nimekodiwa jana usiku niwafikishe. Nimepewa mafuta ya kwendea tu."

Ya kwendea tu. Neno hilo sikulisikia vizuri wakati ule.

Nikampigia muuzaji, akapokea papo hapo. Eti mfumo wa malipo umekwama, tulipe sisi, tumtumie picha ya risiti, atarudisha leo leo. Tukalipa. Baada ya nusu saa simu ikalia: 90,000 imeingia, "nyingine inafuata dada". Wenzangu, hiyo 90,000 ndiyo iliyotumaliza. Kama asingerudisha chochote tungegeuza gari palepale. Baada ya hapo kila tulichotoa mfukoni tulikitoa kwa moyo mweupe, tukijua kitarudi. Njia ile ina geti zaidi ya moja, na kote tulilipa sisi.

Engaruka alitusubiri kijana barabarani aliyejiita mwongozaji wetu. Akatupeleka kwenye rundo la mawe karibu na boma la ng'ombe, akasema hii ni ngome ya Wajerumani. Dakika kumi, tumemaliza. Mzee mmoja wa pale aliyekuwa anatutazama muda wote akauliza kwa upole kama tulikuwa tumekuja kuangalia zizi la jirani yake. Tulicheka kwa aibu. Tukamwomba atutafutie mtu anayejua, tukamlipa, na hapo ndipo tukaiona Engaruka.

Niseme ukweli, mandhari haina kosa. Usitegemee kuta na milango. Ni vitalu vya mashamba vilivyozungushiwa mawe, kimoja baada ya kingine, mifereji ya kuleta maji kutoka mtoni, na juu kwenye mteremko matuta ya duara yaliyokuwa viwanja vya nyumba. Mawe yamepangwa bila udongo wala saruji na bado yamesimama. Mwongozaji alichutama kwenye mfereji mmoja, akamwaga maji ya chupa taratibu, tukayatazama yakifuata mkondo uleule. Eneo lote la mashamba lina ukubwa wa kilomita za mraba kama 20. Wakulima wa Kiafrika waliishi hapo kuanzia karne ya 15 hivi, wakaondoka katika karne ya 18. Wajerumani walikuwa bado hawajazaliwa! Wapo wanaowahusisha na Wairaqw wa Mbulu, wengine na Wasonjo ambao mpaka leo wanalima kwa mifereji upande wa Natron. Yule kijana wa "ngome ya Wajerumani" alikuwa amesimama kando anasikiliza kwa makini kuliko sisi.

Engaresero, kijiji cha kando ya Ziwa Natron tulikopaswa kulala, tulifika giza limeingia. Kambi haikuwa na jina letu. Hakuna chakula, hakuna mahema, hakuna mtu aliyewahi kumsikia muuzaji wetu. Tukalipa tena. Na mlima? Kijana yuleyule akasema atatupandisha yeye. Alikuwa na tochi moja, ya simu.

Hapa ndipo naomba msome taratibu, maana hela inatafutwa lakini shingo haitafutwi. Ol Doinyo Lengai ni volkano hai, mita 2,962. Ililipuka vibaya mwaka 2007 na kuendelea hadi 2008. Lava yake ni ya aina ambayo hakuna volkano nyingine hai duniani inayoitoa, nyeusi ikitoka, ikishapoa na kupata unyevu inakuwa nyeupe. Ubavu wa mlima ni majivu na mawe yanayoporomoka, juu unapanda kwa mikono na magoti, na kileleni kuna shimo lisilo na uzio. Kupanda kule gizani na mtu asiyejua njia ni kujichimbia kaburi. Mhudumu wa kambi, kaka mmoja Mmasai, alituambia bila kuzunguka: "Huyu hapandi na nyinyi. Siyo suala la hela, hapajui."

Tukachangishana upya kwa ajili ya waongozaji wa kijiji. Hela ikatosha watu 4, wengine 5 wakabaki kambini, mmoja wao mdogo wangu aliyekuwa ameweka akiba tangu Januari. Sisi tuliondoka saa 5 na nusu usiku. Alfajiri nilikuwa kileleni, Natron chini inang'aa kama bati jipya, mlima Gelai upande mmoja, mlima Kitumbeine upande mwingine, na nilikuwa nawaza sura ya yule mdogo wangu wakati tunaondoka.

Siku ya tatu dereva akasema hana mafuta ya kurudi. Muuzaji hapokei tena. Mkipiga hesabu, kila mmoja alitoa kama 190,000 juu ya zile 420,000.

Kwa wanaotaka kwenda, nendeni, ila msilipe kabla ya kuona leseni ya biashara ya utalii inayotolewa na Wizara ya Maliasili na Utalii, na jina lililoandikwa humo lifanane na jina linalotokea kwenye Lipa namba. Likiwa duka la vipodozi, hata kama mke wake anauza vipodozi kweli, acheni. Jina la kampuni mnaweza kulitafuta wenyewe kwenye mfumo wa BRELA, wakala wa kusajili biashara, mtandaoni. Ombeni namba ya kambi mtakayolala mpige nyinyi, muulize kama jina lenu lipo. Viingilio vya mageti muone risiti kabla gari halijaondoka Arusha. Na kama umeshatuma hela ukashtuka, piga simu mtandao wako wa simu saa hiyohiyo, usisubiri kesho, namba ya tapeli itume TCRA (mamlaka ya mawasiliano) kwenye 15040, kisha uende polisi na miamala yote ikiwa imechapishwa. Sisi tulichelewa siku nne tukibishana kwenye grupu nani alaumiwe. Nilikuwa mimi, kwa sababu mimi ndiye niliyeleta ukurasa ule.

Dereva simlaumu. Naye alilizwa, hajalipwa mpaka leo, na ndiye aliyekubali kutoa ushahidi.

Jana usiku mdogo wangu amenitumia tangazo jipya. Ukurasa una jina lingine, safari hii wanauza Usambara: Lushoto, kilele cha Irente, "na magofu ya kale ya Wajerumani". Zimebaki siti tatu. Picha ni ileile ya Kilwa, na mikoko yake nyuma.